Papa Tuliyemchagua kwa Sababu Hatukumjua

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza, na usinihimize. Nataka kukueleza jambo ambalo mimi mwenyewe silielewi sawasawa mpaka leo, na hilo si rahisi kukiri kwa mtu ambaye kueleza ndiyo kazi yake. Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafundisha hesabu za mwanzo, zile za sehemu na desimali, katika chuo kimoja cha umma kule Annandale, Marekani. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wengi wamechoka na kazi za kutwa, na kila walipochanganyikiwa niliwaambia tuanze na kile tunachokijua. Basi na sisi tuanze hapo. Ukipotea njiani usione aibu. Mimi nilipotea kabla yako.

Tunachokijua ni kwamba tulikuwa na jumuiya. Kama wewe si Mkatoliki wa kwetu, jumuiya ndogo ndogo ni nyumba chache za majirani wanaokutana kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao. Wanasoma Injili ya Jumapili, wanasali, wanaulizana nani mgonjwa, wanakunywa chai. Kule nyumbani jirani ni mtu ambaye ukiwa kitandani unamsikia akikohoa. Huku jirani mmoja alikaa Arlington, mwingine Annandale, mwingine Beltsville ng'ambo ya mto, upande wa Maryland, na barabara ikijaa magari ilikuwa saa nzima kufika kwa huyo jirani. Lakini tulikutana, Jumamosi mbili kila mwezi, saa tisa alasiri. Wakenya tulikuwa wengi, Watanzania kiasi, na mzee mmoja wa Kongo na mkewe.

Aliyeianzisha alikuwa mama wa Kitanzania aliyekwisha kupita miaka sitini. Alikuwa anamhudumia mzee mmoja Mmarekani huko Beltsville, analala huko huko siku za wiki, anatoka Ijumaa jioni. Sote tulimwita Mama Mwenyekiti, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa katika masimulizi haya sitamtaja mtu wetu kwa jina, hata mtakatifu wetu.

Na mtakatifu ndiye chanzo cha mkanganyiko wangu. Kila jumuiya lazima iwe na somo, yaani mtakatifu msimamizi ambaye jumuiya hubeba jina lake na kula sikukuu yake. Siku ya kumchagua tulibishana mpaka chai ikapoa. Kila mtu alimtaka somo wa jumuiya ya kwao. Wakenya walikuwa na wao, tena watatu tofauti. Watanzania walikuwa na wao. Mzee wa Kongo akasema, "Siye kwetu tuko na mwenyeheri wetu, mutu ya kwetu kabisa. Juu ya nini munatafuta wa mbali?"

Mama Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja. "Basi jamani! Yupo yule papa wa zamani, anayetajwa katika ile orodha ya kwenye Misa, mara baada ya mitume. Nani anamjua?"

Tukatazamana.

"Nani jumuiya yake ya nyumbani ina jina lake? Nani kasoma shule yake?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Ndiye huyo. Hakuna anayemjua, hakuna atakayegombana kwa ajili yake."

Tulicheka, tukapiga makofi, na hivyo ndivyo tulivyompata. Alikuwa mmoja wa maaskofu wa kwanza kabisa wa Roma, mwishoni mwa karne ya kwanza, yule anayechorwa ameshika nanga. Hatukuuliza zaidi. Tulimwimbia kwa miaka mitano bila kujua alikuwa nani.

Sasa nikueleze Mama Mwenyekiti alivyotuongoza, maana bila hilo hutaelewa tulilofanya. Saa tisa kwake ilikuwa saa tisa. Dakika kumi baadaye rozari imeshaanza, na aliyechelewa alisimama ukumbini, mlangoni, mpaka fumbo, yaani fungu moja la sala hiyo, liishe. Watoto wetu, ambao Kiswahili walikisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, aliwageuzia sikio kama kiziwi hadi shikamoo itoke. Akikupigia simu Ijumaa hakuwa anaomba. Alisema, "Kesho tunakwenda kumwona fulani hospitali, wewe una gari," kisha akakata.

Watu walianza kunung'unika. Katibu wetu, Mkenya mwenzangu, muuguzi mwenye ulimi mwepesi na moyo mzuri, ndiye aliyelisema kwa sauti. "Huyu mama anatuendesha kama watoto wa bweni," aliniambia siku moja. "Mimi nimetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, nasimamishwa mlangoni kama nimechelewa gwaride!"

Jumamosi moja ya Septemba tulikutana kwa katibu, Arlington. Mama Mwenyekiti alikuwa amepiga simu asubuhi kwamba mwenzake wa wikendi anaumwa, kwa hiyo hawezi kumwacha mzee wake. Tukasali. Tulipofika kwenye mengineyo, katibu akanyoosha miguu.

"Mmeona leo tumepumua?" alisema. "Tumeanza saa tisa na nusu na hakuna aliyekufa."

Watu wakacheka. Mmoja akakumbusha kwamba uongozi ni wa miaka mitatu, na mama amekaa mitano. Mwingine akasema, basi si tuchague leo, tuko wengi?

"Mwenyewe hayupo," mke wangu alisema.

"Ndiyo vizuri," katibu akajibu. "Akiwepo, nani atainua mkono?"

Kicheko kingine. Kisha katibu akanigeukia. "Mimi napendekeza Mwalimu. Anaeleza kitu mpaka unaelewa, na hagombi na mtu."

Nitakuambia ukweli: nilifurahi. Nilisema hapana mara mbili, kwa sauti ya mtu anayengoja kuombwa mara ya tatu. Watu kumi na wanne wakainua mikono. Mke wangu aliangalia kikombe chake.

Halafu ikabaki nani atamwambia mama. Mimi nilidhani katibu atamwambia, ndiyo kazi ya katibu. Katibu alidhani ni mwenyekiti mpya. Wengine wote walidhani ni mke wa yule mzee wa Kongo, kwa sababu walikuwa marafiki. Wiki mbili zikapita.

Mkutano uliofuata ulikuwa nyumbani kwangu. Saa tisa kasoro dakika kumi mama akaingia na chupa yake ya chai na bakuli la maandazi yaliyofunikwa kitambaa, akaketi kichwani mwa meza kama kawaida, akapanga msalaba na mshumaa. Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu aliniangalia mimi. Nikajiambia nitamwita pembeni baada ya sala. Lakini baada ya sala, kwa utaratibu wetu, husomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, na katibu alikuwa ameshafungua daftari. Alisoma moja, mbili, tatu. Alipofika ya tano, ile ya uchaguzi, sauti yake ikawa ndogo.

"Soma tena hapo, mwanangu," mama alisema. "Sikusikia vizuri."

Akasoma tena. Mama akatikisa kichwa polepole, mara mbili tatu. Akasimama, akanisogezea kile kiti. "Mwalimu, kaa." Alihamia kiti cha karibu na mlango, akabaki mpaka mwisho. Ndiye aliyetumiminia chai wote. Kisha akaosha chupa yake, akasema Mungu awabariki, akaondoka. Oktoba hakuja. Tukasema ni zamu. Mkutano uliofuata hakuja tena, na tukasema zamu za huku ni ngumu.

Ilipokaribia sikukuu ya somo wetu, ambayo huangukia Novemba, wiki ile ile watu wa huku wanaponunua bata mzinga kwa sikukuu yao ya shukrani, padre wa parokia aliyetupa ukumbi akaniomba kitu kimoja. Alikuwa Mmarekani mpole. Alisema nizungumze dakika kumi juu ya maisha ya papa huyu na urithi aliotuachia. Nikamwambia hilo ni jepesi. Mtu ambaye amewahi kumfafanulia dereva wa teksi mwenye miaka hamsini kwa nini nusu ya robo ni moja ya nane haogopi dakika kumi za mtakatifu.

Nikaenda maktaba. Nikaazima vitabu vitatu, nikakaa ofisini kwangu kati ya kipindi na kipindi, na hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Kitabu cha kwanza kilisema alikuwa papa wa nne, ukimhesabu Petro. Cha pili kilisema wapo watu wa kale walioamini Petro mwenyewe ndiye aliyemweka, kwa hiyo alikuwa wa pili. Nilidhani mmoja amekosea hesabu, na hesabu ni fani yangu, nikajaribu kuwapatanisha kwa mistari na mishale. Haikuwezekana. Kitabu cha tatu kilinituliza kwa kuniambia kwamba huenda siku zile kiti chenyewe hakikuwa na mtu mmoja kama tunavyokiona leo, labda lilikuwa baraza la wazee na yeye akiwa mmoja wao. Unaona? Nilikwenda kutafuta namba yake, nikarudi sina hata uhakika wa kiti.

Nikasema sawa, tuache namba, tutazame maisha. Kuna waliosema ndiye yule msaidizi ambaye Mtume Paulo anamtaja katika barua yake moja. Wengine walisema jina lile lilikuwa la watu wengi, kama yalivyo majina yetu ya ubatizo. Kuna waliosema alikuwa wa ukoo wa kifalme, na wengine wakasema hapana, labda alikuwa mtumwa aliyeachwa huru katika nyumba ya wakubwa hao. Mtu mmoja, jina moja, mara ni bwana mara ni mtumwa.

Na kifo chake? Hapo nilifurahi kwa muda, kwa sababu nilikuta hadithi ndefu na nzuri. Alihamishwa hadi machimbo ya mawe ufukoni mwa bahari ya mbali, akawakuta wafungwa wana kiu, akawapatia chemchemi, wengi wakaamini, na mwishoni akafungwa nanga shingoni na kutoswa baharini. Nikaandika kurasa mbili. Kisha nikasoma maelezo ya chini, yale ya herufi ndogo, kwamba hadithi hiyo iliandikwa karne kadhaa baadaye, na kwamba waliomtangulia mwandishi wake, wanaomtaja papa huyu kwa heshima, hawajui lolote kuhusu nanga. Nikazipiga mstari kurasa zote mbili.

Nikabaki na kitu kimoja tu, barua. Usikate tamaa, maana hii ndiyo sehemu muhimu, na ni fupi kuliko ile ya mwanzo.

Ipo barua ndefu, ya kale mno, iliyotoka kwa kanisa la Roma kwenda kwa kanisa la Korintho. Wazee wa kale wanakubaliana kwamba aliyeiandika ni huyu. Lakini ukiisoma barua yenyewe, mwandishi hajitaji popote. Inajiita barua ya kanisa linaloishi Roma kama mgeni, kwa kanisa linaloishi Korintho kama mgeni. Nilipofika hapo nilisimama kidogo, nikatazama nje dirishani, magari ya wanafunzi yamejaa kiwanjani. Watu wanaoishi kama wageni. Nilijua ni akina nani.

Kisha inaomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Kisha inaingia kwenye shauri, na shauri lenyewe ni hili: huko Korintho watu wamewaondoa wazee wao wa kanisa madarakani, wazee waliohudumu vizuri na kwa unyenyekevu, wasio na kosa lililothibitishwa.

Nilifunga kitabu, nikaenda darasani. Nilifundisha vibaya siku ile. Mwanafunzi mmoja alinisahihisha desimali ubaoni.

Niliporudi nikasoma hadi mwisho, nikitumaini itabadilika. Mwandishi hana hasira. Anaeleza kwa uvumilivu wa ajabu, mfano baada ya mfano: Kaini na ndugu yake, Musa, Daudi, jua na mwezi vinavyopeana nafasi, hata ndege mmoja wa ajabu wa Uarabuni anayekufa na kuzaliwa upya. Ni mwalimu kweli kweli. Nilimpenda. Na baada ya mifano yote anawageukia waliosababisha fujo, anawaambia kwa upole kwamba mwenye moyo mkubwa miongoni mwao aseme hivi: ikiwa ugomvi ni kwa sababu yangu, mimi naondoka.

Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kiti.

Jioni hiyo, tukila, nilimweleza mke wangu. Nilimweleza na tofauti zote, kwa sababu zilikuwepo. Wale wa Korintho walikuwa wamewekwa kwa mikono ya kanisa, mama yetu alichaguliwa sebuleni. Wale hawakuwa na muda maalumu, wetu ulikuwa wa miaka mitatu. Tena barua yenyewe haina jina, na nani anajua kama ni ya somo wetu kweli?

Mke wangu aliendelea kukata ugali. "Mlimwondoa kwa kosa gani?"

"Alikuwa mkali wa saa."

"Hilo ni kosa?"

"Hapana. Lakini muda wake ulikuwa umekwisha."

"Basi mngemwambia muda umekwisha. Umeeleza vizuri sana, baba, lakini hujanijibu."

Kweli, nilikuwa nimeeleza vizuri. Na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutoelewa. Kama barua ni ya somo wetu, nilipaswa kuondoka. Kama si yake, sikuwa na chochote cha kusema dakika kumi. Na kama ningeisoma mbele ya watu na kubaki kitini, ningekuwa mtu wa namna gani?

Jumatano nilikuwa na mchana mtupu, nikaendesha hadi Beltsville. Sikupiga simu kuomba nafasi, kama yeye alivyozoea kutotuomba sisi. Nilipita yale mashamba ya utafiti ya serikali, ng'ombe wamesimama kwenye nyasi zilizokauka, nikapata nyumba. Mama alifungua mlango akiwa na aproni. Nyuma yake mzee wake alikuwa amesinzia kwenye kiti mbele ya televisheni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinitazama juu mpaka chini. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Basi umepotea njia. Ingia, unaingiza baridi."

Alinikalisha jikoni, akaendelea kumenya matofaa ya mzee. Nikamweleza barua nzima, kama ninavyokueleza wewe. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaweka kisu.

"Sasa huyo papa ndiye aliyeandika?"

"Wanasema ndiye. Lakini barua haina jina."

"Na kufa, alikufa kwa nanga?"

"Hilo halina uhakika."

"Na alikuwa papa wa ngapi?"

"Mama, hata hilo."

Alicheka mpaka akajishika ubavu, kwa kujizuia asimwamshe mzee. "Nilisema! Sikuwaambia mimi, hakuna anayemjua?" Kisha akapangusa macho. "Hao wazee wa Korintho, walirudishwa?"

Nilikuwa nimelitafuta hilo katika vitabu vyote vitatu. "Hakuna aliyeandika waziwazi. Kinachojulikana ni kwamba Wakorintho waliitunza barua, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wanaisoma kanisani."

"Mh. Basi haikuwakera."

Nikakusanya nguvu. "Jumamosi, kwenye sikukuu, nitaondoka kitini, Mama. Nitawaambia wote. Urudi mahali pako."

Alirudia tofaa lake. Alilimenya lote kabla ya kunijibu. "Kiti nikifanyie nini, Mwalimu? Miguu yangu unaijua? Mimi nilikuwa nimepanga kuwaaga Krismasi. Nimechoka. Ukiniletea kiti leo utakuwa umejiponya wewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi najuaje? Wewe si ndiye unayeeleza?" Sauti yake ikashuka. "Sikuumia kwa kiti. Niliumia kusomewa. Watu kumi na wanne, kila mmoja na simu mfukoni. Nimeamka saa kumi na moja nawakandia maandazi, ninyi mnajua, mimi sijui. Nimekaa pale mbele naongoza sala, ninyi mnajua. Mliniangalia tu."

Nilisema, "Nisamehe, Mama," na nikaona ni maneno mawili tu, na kwamba yangetosha tangu Septemba.

"Nimesikia," alisema. Akachukua tofaa jingine. Nilipofika mlangoni nikamuuliza kama atakuja Jumamosi.

"Nina zamu." Akasita. "Nikija, nakuja kukabidhi. Kwetu kiongozi hatoki bila kukabidhi. Mlininyima hata hilo."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Barua iliniambia ondoka, na yule niliyemkosea akaniambia nisijiponye. Usidhani nilipata mwanga barabarani. Nilipata msongamano.

Jumamosi ukumbi ulijaa, pilau ilinukia, watoto walikimbizana kati ya viti. Padre alikaa mstari wa mbele, hajui Kiswahili hata neno, anatabasamu kwa kila sentensi. Mama alikuwa nyuma kabisa, na koti lake amelivaa. Nilikuja kujua baadaye kwamba zamu ya wikendi ile alikuwa ameichukua yeye, na mwenzake alikubali kumshikia kwa saa mbili tu.

Nilieleza. Nilisema waziwazi yote nisiyoyajua juu ya somo wetu, na watu wakaanza kucheka, maana yalikuwa mengi. Kisha nikafika kwenye barua, na kicheko kikaisha mstari kwa mstari, kama taa zinazozimwa chumba kimoja baada ya kingine. Padre peke yake aliendelea kutabasamu. Nilipofika pale panaposema wazee waliondolewa bila kosa, katibu akainuka.

"Mwalimu, samahani. Hayo ni maisha ya somo au ni kesi yetu?"

"Sijui," nilisema. Nilikuwa nasema kweli. "Nimeombwa nieleze alichotuachia. Nimetafuta, na ametuachia hii tu."

Nilidhani atakaa. Hakukaa. Aligeuka nyuma, akamtafuta mama kwa macho. "Mama, mimi ndiye niliyesoma zile kumbukumbu. Nilijua hujaambiwa. Nilipokuona unapanga mshumaa nilijua. Na nikasoma hivyo hivyo."

"Nilikuona ulivyomeza mate," mama alijibu kutoka nyuma, na watu hawakujua kama ni ruhusa ya kucheka. Kisha wengine wakaanza, mmoja mmoja, bila kupangwa, kusema nisamehe. Mzee wa Kongo akasema, "Mama, na miye niliinua mukono. Nilifikiri ni wa kuomba chai."

Hapo mama mwenyewe akacheka. Mtu akapaza sauti kwamba arudishwe, wapige kura sasa hivi. Mama akakataa kwa mkono. "Kura zenu nimeziona. Kaeni." Akaja mbele, akatuaga. Alizungumza labda dakika tatu. Alitushukuru, akaomba radhi kwa wale aliowasimamisha mlangoni, akasema hata hivyo saa tisa ni saa tisa. Watanzania wakampigia makofi ya kilo, yale ambayo mtu hutaja kilo ngapi na watu hupiga kwa kadiri hiyo, wakazidisha kilo mpaka padre naye akawa anapiga asichokijua.

Halafu akanivuta jikoni mwa ukumbi, akafunga mlango. "Haya hayasemwi mbele za watu. Andika." Yeye mwenyewe hakuwa na karatasi, yote yalikuwa kichwani mwake. Aliniambia nani hapendi kuulizwa anafanya kazi wapi, kwa sababu kwao amesema anafanya ofisini. Aliniambia ni dada gani aliyepoteza mimba mwezi wa nane, asije akataniwa kuhusu watoto. Kwamba mzee wa Kongo haoni vizuri na anaona aibu, kwa hiyo asipewe somo la kusoma kwa ghafla. Kwamba kijana fulani anasubiri karatasi zake za uhamiaji mahakamani na hulia akiendesha gari, na ndiyo maana yeye, mama, alimwomba kila mara ampeleke hospitali kuona wagonjwa, ili asiwe peke yake. Nilikuwa nimekaa kitini miezi miwili na sikujua hata moja. Zile simu za Ijumaa tulizozilalamikia, nilianza kuzielewa moja moja.

Mama alirudi kwenye jumuiya Januari. Alikaa kama mtu wa kawaida, na saa tisa na dakika tano aliponiona bado naongea, akaanzisha rozari bila kuniuliza. Mimi nilibaki mwenyekiti mpaka muda wangu ukaisha. Nilimtii mama, na sijui kama kwa kufanya hivyo nilimkaidi somo. Nimelisoma lile neno la kuondoka mara nyingi tangu siku ile. Bado naona linanitazama mimi. Labda siku moja utalielewa wewe kunizidi, nami nitafurahi ukinieleza.

Lakini lipo moja ninaloweza kukuagiza bila wasiwasi. Kama leo umekalia kiti cha mtu ambaye bado yuko hai, chukua simu kabla ya Jumapili na umpigie. Sema nisamehe kama inastahili. Kisha muulize ni nani katika kundi lenu anayepaswa kutembelewa kwanza, andika jina hilo, na uende.